Magunia manane, majibu matano: uchague njia ipi ya kukadiria wastani sampuli ikiwa ndogo?

Ghala lina magunia 40 ya mahindi. Umepita na bambo, chuma cha kutobolea gunia na kuchota nafaka, umechoma magunia manane uliyoyapata kwa kura, umepima unyevu wa kila moja, kisha ukapeleka sampuli nane maabara zikapimwe sumukuvu, yaani sumu inayotokana na fangasi. Fedha ya vipimo imeishia hapo. Mwenye ghala hana haja na hayo manane. Anauliza habari ya yote 40, na anauliza kama mzigo utapita.

Wastani wa magunia manane unaupata kwa dakika moja. Kigumu ni kusema wastani huo unaweza kuwa mbali kiasi gani na wastani wa ghala zima, ambao hujauona. Kwa kazi hiyo tuna wigo wa uhakika: mpaka wa chini na mpaka wa juu, ambao tunaamini wastani wa kweli uko ndani yake. Tukisema asilimia 95, tunaisifu njia, hatuyasifu majibu ya leo. Jerzy Neyman, Mpolandi aliyeiandika nadharia hii kwa ukamilifu mwaka 1937, alilisisitiza hilo: ukirudia zoezi lote mara nyingi, kuchoma magunia mapya na kukokotoa upya, mara 95 katika kila 100 mipaka yako itaukumbatia wastani wa kweli. Njia isiyofikisha 95 hiyo huku ikijitangaza kuwa inafikisha inakudanganya. Ndiyo mizani nitakayoitumia hapa kulinganisha njia.

Namba za mfano nimezitunga ili hesabu iweze kufuatwa kwa kalamu. Viwango ni vya kweli: kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5 na aflatoksini, sumukuvu inayotuhangaisha zaidi, isizidi mikrogramu 10 kwa kilo moja kwa jumla ya aina zake.

Unyevu: 1.96 au t?

Magunia manane yametoa unyevu huu, kwa asilimia: 13.0, 13.6, 13.2, 12.8, 13.5, 13.0, 13.7, 13.2. Wastani ni 13.25. Mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha namba zinavyotawanyika kuuzunguka wastani, ni 0.321 (ukigawanya kwa 7, si kwa 8). Gawanya 0.321 kwa kipeuo cha pili cha 8 upate 0.113. Hilo ndilo kosa sanifu la wastani.

Mpaka hapa njia zote mbili ni moja. Zinaachana kwenye kizidisho tu.

Njia ya kwanza inazidisha kosa sanifu kwa 1.96, namba ambayo kila aliyesoma takwimu darasani anaikumbuka. Inapata 0.222, hivyo wigo wake ni 13.03 hadi 13.47. Mpaka wa juu uko chini ya 13.5.

Njia ya pili inachukua kizidisho kwenye jedwali la t, orodha ya vizidisho vinavyobadilika kulingana na ukubwa wa sampuli. Mstari wetu ni wa digrii 7 za uhuru, yaani magunia manane toa moja. Kizidisho ni 2.365. Inapata 0.268, na wigo wake ni 12.98 hadi 13.52. Mpaka wa juu umevuka 13.5.

Mahindi ni yaleyale na kipimo ni kilekile, lakini mmoja anasema yamepita na mwingine anasema bado hatujui. Anayesema ukweli ni wa t, na sababu yake ni nyepesi kueleza. Ile 1.96 inadhani unaujua mtawanyiko wa kweli wa ghala zima. Huujui. Umeukisia kutoka kwa magunia yaleyale manane, na sampuli ndogo mara nyingi huukisia mtawanyiko kuwa mdogo kuliko ulivyo. Kisio hilo lina kosa lake, na kosa hilo lazima lilipiwe kwa kuupanua wigo. Jedwali la t ni orodha ya bei: ukiwa na magunia mawili tu kizidisho ni 12.706, matatu 4.303, matano 2.776, manane 2.365, kumi 2.262, thelathini 2.045.

Ukilazimisha 1.96 kwenye sampuli ndogo, ile ahadi ya asilimia 95 inavunjika kimyakimya. Kwa vipimo vilivyotawanyika kwa umbo la kengele, yaani vingi karibu na wastani na vichache mbali nao pande zote mbili, sampuli ya tatu inakupa asilimia 81 tu. Ya tano inakupa 88. Hata ya kumi haifiki, inaishia karibu na 92. Mtu aliyeandika "asilimia 95" kwenye ripoti yenye vipimo vitatu ameahidi kukosea mara moja katika ishirini, kumbe anakosea karibu mara moja katika tano.

Aliyeliona tatizo hili kwanza na kulitafutia dawa alikuwa mtu wa nafaka pia. William Sealy Gosset aliajiriwa na kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin, na kazi yake ilihusu shayiri na hopsi, mmea wa kukolezea bia, ambako majaribio yalikuwa machache na ya gharama. Vitabu vya wakati huo vilidhani una vipimo mamia. Gosset alichukua vipimo vya watu 3,000 wahalifu, urefu wa mwili na wa kidole cha kati cha mkono wa kushoto, akaviandika kwenye kadi, akazichanganya, akazigawa nnenne akapata sampuli 750, kisha akatazama wastani wa kila sampuli unavyoyumba. Matokeo yalilingana na hesabu aliyoikokotoa. Aliyachapisha mwaka 1908 kwenye jarida la Biometrika kwa jina la "Student", kwa kuwa mwajiri wake hakutaka wafanyakazi wachapishe kwa majina yao. Miaka baadaye mtakwimu Ronald Fisher aliipa hesabu hiyo sura tunayoitumia leo, pamoja na zile digrii za uhuru. Huwa nawakumbusha wanafunzi wa kilimo habari hii kila wanapoiona t kama adhabu ya chuoni. Ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye vipimo vinne na uamuzi wa kufanya.

Je, 1.96 haina nafasi kabisa? Inayo, pale mtawanyiko unapoujua kutoka nje ya sampuli yako. Ghala linalopima unyevu kwa kifaa kilekile kila msimu kwa miaka mingi, mahindi ya eneo lilelile, linaweza kuwa na mkengeuko sanifu unaotegemewa kweli. Lakini hiyo ni hali ya nadra, na inabidi uithibitishe.

Angalia pia kompyuta yako. Kwenye Excel, CONFIDENCE.NORM inatumia 1.96, na CONFIDENCE ya zamani ni hivyohivyo. CONFIDENCE.T ndiyo inayotumia t. Kwa namba zetu ya kwanza inatoa 0.222 na ya pili 0.268. Makosa mengi ninayoyaona kwenye tasnifu yameanzia kwenye kubofya jina la kwanza lililojitokeza.

Na ile kanuni ya "ukifika 30 tumia 1.96"? Ilitoka enzi za majedwali ya karatasi, ambayo hayangeweza kuchapisha kila mstari. Kwenye 30 tofauti ya kizidisho ni kama asilimia 4, si kubwa, lakini huna unachookoa kwa kuiacha t. Itumie tu, hata kwa sampuli ya 200. Sampuli ikikua, t yenyewe inaisogelea 1.96 bila kusukumwa.

Mambo mawili yanayoweza kugeuza jibu la unyevu kihalali

La kwanza ni ukubwa wa ghala. Magunia ni 40 tu, na umeshayaona manane, sawa na moja ya tano. Kama swali ni wastani wa magunia haya 40 na si la mavuno yote ya kijiji, unaruhusiwa kupunguza kosa sanifu kwa kulizidisha na kipeuo cha pili cha 0.8, ambacho ni 0.894. Wigo wa t unakuwa 13.01 hadi 13.49. Umerudi chini ya 13.5.

La pili ni upande wa swali. Kama kinachokuhusu ni mpaka wa juu peke yake, kwa kuwa hakuna anayekataa mahindi kwa ukavu, unaweza kutumia kizidisho cha upande mmoja, 1.895, na kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba wastani hauzidi 13.46.

Yote mawili ni hesabu sahihi. Sharti langu ni moja: uamuzi wa kuyatumia uandikwe kabla ya kuchoma gunia la kwanza. Mtu aliyekokotoa t ya kawaida, akaona 13.52, ndipo akakumbuka kwamba ghala ni dogo, hana tena asilimia 95, hata kama kila mstari wa hesabu yake uko sawa. Amechagua jibu kisha akalitafutia njia.

Halafu zitazame tena namba zenyewe. Gunia moja lina 13.6, jingine 13.7. Wastani ukishuka chini ya 13.5 hayo mawili hayakauki. Tutalirudia.

Sumukuvu: hapa t yenyewe inaanza kuyumba

Majibu ya maabara kwa magunia yaleyale, mikrogramu kwa kilo, nikiyapanga kutoka dogo: 1.2, 2.0, 2.6, 3.1, 4.4, 5.8, 9.5, 46.

Unyevu ulitawanyika pande zote mbili za wastani kwa usawa. Hizi zimejikusanya chini, kisha moja imeruka. Hivyo ndivyo sumukuvu ilivyo. Fangasi hawashambulii punje zote kidogokidogo. Punje chache zinabeba sumu nyingi mno na zilizobaki ni safi, kwa hiyo gunia moja linaweza kuwa na mara kumi ya jirani yake waliyelala pamoja ghalani.

Kabla ya njia yoyote, niseme la 46. Kishawishi cha kuifuta ni kikubwa. "Imetoka nje ya mstari," mtu anasema, anabaki na saba, anapata wastani 4.1 na wigo wa t kutoka 1.5 hadi 6.7, yote chini ya 10, na mzigo unapita. Usifanye hivyo. Usipokuwa na ushahidi wa kosa, mathalani maabara imekiri kuchanganya chupa au gunia limeonekana limelowa kwa mvua baada ya sampuli kuchukuliwa, hiyo 46 ndiyo habari muhimu kuliko zote ulizolipia. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumu hii na 125 wakafa. Mahindi yale yalikuwa ya nyumbani, yamehifadhiwa mabichi. Hakuna aliyekula wastani.

Sasa njia, zote kwa asilimia 95 isipokuwa nilipotaja vingine:

| Njia | Inakadiria nini | Wigo |
|---|---|---|
| t ya kawaida | wastani | -3.3 hadi 21.9 |
| t juu ya logi, kisha kurudisha | wastani wa kijiometri | 1.8 hadi 11.9 |
| Logi kwa njia ya Cox | wastani | 2.5 hadi 30.1 |
| Butstrapu ya asilimia | wastani | takriban 3 hadi 20 |
| Kupanga na kuhesabu | namba ya katikati | 2.0 hadi 9.5 (asilimia 93) |

Anza na t. Wastani ni 9.3, mkengeuko sanifu 15.0, kosa sanifu 5.32. Mpaka wa chini unaangukia kwenye hasi 3.3, na hakuna gunia lenye sumu chini ya sifuri. Wengi wanaikata hasi, wanaandika 0, wanaendelea. Lakini hasi hiyo ni dalili: t imedhani mtawanyiko uko sawa juu na chini, kwa hiyo imeenda mbali mno chini na haikwenda mbali vya kutosha juu. Upande wa juu ndio unaoua watu, na huko ndiko t inakokosea kwa data ya namna hii.

Njia ya logi inabadilisha kila namba kuwa logi asilia yake kwanza (kitufe cha ln kwenye kikokotoo). Namba zinakaa vizuri zaidi, ile 46 inakuwa 3.83, na 1.2 inakuwa 0.18. Unakokotoa t juu ya logi: wastani 1.535, nusu ya upana 0.941. Ukizirudisha unapata 1.8 hadi 11.9, na katikati yake 4.6. Mipaka yote ni chanya, inapendeza, na watu wengi wanaiandika kuwa "wigo wa wastani". Sivyo. Ile 4.6 ni wastani wa kijiometri, unaotokana na kuzidisha namba badala ya kuzijumlisha, na kwa data inayofuata umbo hili inakaa karibu na namba ya katikati. Wastani wa kawaida ulikuwa 9.3, mara mbili yake. Ukizichanganya namba hizi mbili umepunguza sumu ya ghala kwa nusu kwa kalamu.

Anayetaka kubaki kwenye logi na bado azungumzie wastani halisi atumie njia inayoitwa ya Cox. Kwa wastani wa logi, 1.535, ongeza nusu ya mraba wa mkengeuko sanifu wa logi. Mraba huo ni 1.266, nusu yake 0.633, jumla 2.168. Kosa sanifu jipya lina sehemu mbili: mraba gawanya kwa 8, na mraba wa huo mraba gawanya kwa 14. Zijumlishe, chukua kipeuo cha pili, upate 0.522. Zidisha kwa 2.365, ongeza na utoe, kisha rudisha kutoka logi: 2.5 hadi 30.1. Mpaka wa juu umeruka mbali sana kuliko wa t. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa pale gunia moja katika manane lina 46 na kuna 32 hujayafungua.

Angalizo kwa njia zote mbili za logi: maabara ikileta "haikuonekana", logi ya sifuri haipo. Ukiweka 0.0001 ili kompyuta isilalamike, hiyo namba uliyoibuni inauvuta wastani wa logi kuliko vipimo vyote vya kweli. Iulize maabara kiwango cha chini kabisa inachoweza kukiona, na kama magunia ya namna hiyo ni mengi, acha logi.

Butstrapu ilielezwa na Bradley Efron mwaka 1979, na vijana wanaipenda kwa haki, maana haikudai udhani umbo lolote. Kompyuta inachota magunia manane kutoka kwa manane yako kwa kurudishia, inakokotoa wastani, inarudia maelfu ya mara, kisha unakata asilimia 2.5 kila upande. Kwa sampuli ya 50 ningeichagua bila wasiwasi. Kwa nane, hapana. Butstrapu haijui chochote ambacho magunia manane hayakijui. Haiwezi kuchota gunia lenye sumu ya 70 kama hukulichoma. Katika machoto yake, asilimia 34 hayatakuwa na ile 46 hata mara moja, na wastani wa machoto hayo utakuwa karibu na 4. Kibaya zaidi, kwa data yenye umbo zuri la kengele, butstrapu hii ya asilimia inatoa wigo mwembamba kuliko hata ule wa 1.96, kwa kuwa haina kizidisho cha t na inagawanya mtawanyiko kwa 8 badala ya 7. Mtu anaikimbilia akidhani amekwepa tatizo la sampuli ndogo, kumbe amelirudisha kwa mlango wa nyuma.

Njia ya mwisho haihitaji hata kikokotoo. Panga namba, chukua ya pili kutoka chini na ya pili kutoka juu: 2.0 na 9.5. Kwa sampuli ya nane, nafasi ya hizo mbili kuikumbatia namba ya katikati ya ghala ni asilimia 93, umbo la data liwe lolote. (Ukichukua ya kwanza na ya mwisho unapata asilimia 99. Kwa sampuli ya sita, ya kwanza na ya mwisho zinakupa karibu 97.) Ni njia imara, ya kweli, na ninaipenda. Lakini itazame: 2.0 hadi 9.5 iko yote chini ya 10. Mfanyabiashara akiiona hiyo atataka ndiyo iandikwe.

Swali linaamuliwa na safari ya mahindi

Hapo ndipo ulinganisho wa kweli ulipo. Njia hizi tano hazishindani kujibu swali moja. Zinajibu maswali tofauti, na linalokufaa linategemea mahindi yanakwenda wapi.

Magunia yote 40 yakienda kinu kimoja, yakachanganywa na kusagwa pamoja, sumu yote iliyomo itagawanyika kwenye unga wote. Jumla ya sumu ni wastani mara uzito. Hapo wastani wa kawaida ndio unaotakiwa, na namba ya katikati haina kazi kabisa, kwa sababu gunia la 46 litaingia kinuni pamoja na sumu yake yote. Ningetumia njia ya Cox na ningeandika kwamba wastani unaweza kufika 30. Kama mtu anataka t, ampe mwenye ghala mpaka wa juu wa 21.9 na aeleze kwamba hata huo una uwezekano wa kuwa mdogo mno. Njia zote za wastani, ukiacha tofauti zao, zinakubaliana kwa jambo moja: hakuna hata moja inayoruhusu kusema ghala liko chini ya 10.

Magunia yakigawiwa, kila kaya gunia moja, wastani hauna maana kwa kaya iliyopata la 46. Hakuna wigo wa wastani, mwembamba au mpana, unaojibu swali lao. Wanahitaji kujua ni sehemu gani ya magunia imezidi kiwango. Moja katika manane, na kwa sampuli hiyo uwezekano unaanzia karibu na sifuri na kufika zaidi ya nusu. Fedha iliyobaki itumike kupima magunia mengine, si kutafuta fomula bora.

Unyevu nao uko hivyohivyo. Kwa mahesabu ya uzito unaolipwa, wastani unatosha na t ndiyo njia. Kwa uhifadhi, magunia ya 13.6 na 13.7 ndiyo yatakayoota ukungu yakikaa katikati ya rundo, na wastani utaendelea kuonekana mzuri.

Namba ya katikati ina mahali pake pia. Ukitaka kulinganisha hali ya kawaida ya magunia ya kijiji hiki na kile, au kabla na baada ya kufundisha watu kuanika juu ya turubai, ni kipimo kizuri ambacho gunia moja halikiyumbishi.

Kuhesabu sampuli ni nini hasa

Kosa linaloharibu kuliko uchaguzi wowote wa njia ni la kuhesabu vibaya. Mwanafunzi anapima unyevu mara tatu kwa kila gunia, anapata namba 24, anakokotoa kwa 24. Wigo unakuwa mwembamba ajabu. Lakini vipimo vitatu vya gunia moja ni ndugu wa tumbo moja. Vinasema habari ya kifaa na mkono wa mpimaji, havisemi habari ya magunia 32 yaliyobaki. Chukua wastani wa kila gunia, ubaki na namba nane, na digrii za uhuru zibaki 7. Vivyo hivyo magunia manane yote kutoka kwa mkulima mmoja hayasemi habari ya kijiji. Kwa swali la kijiji, hiyo ni sampuli ya moja.

Pia sahau majaribio ya kompyuta yanayokuambia kama data "ina umbo la kengele". Kwa namba nane majaribio hayo yana macho hafifu, yanapitisha karibu kila kitu. Chora nukta nane kwenye mstari kwa mkono, kisha tumia unachokijua kuhusu kitu chenyewe. Unyevu, uzito na urefu wa mche mara nyingi vinakubali t moja kwa moja. Sumukuvu, mabaki ya viuatilifu, idadi ya bakteria kwenye maziwa na kipato cha kaya vinadai logi hata kama nukta zako za leo zimekaa vizuri.

Na ukiulizwa kabla ya kazi kuanza, magunia mangapi yachomwe, jedwali la t linakupa jibu la kumpelekea mwenye fedha. Kwa mtawanyiko wetu wa unyevu wa 0.321, nusu ya upana wa wigo kwa magunia mawili ni 2.9, yaani hujui kitu. Kwa matatu ni 0.80. Kwa sita ni 0.34, kwa manane 0.27, kwa kumi na sita 0.17. Kutoka matatu kwenda sita unapunguza wigo kwa zaidi ya nusu. Kutoka manane kwenda kumi na sita unalipa vipimo vinane zaidi kwa punguzo la 0.10. Bajeti ikiwa ya vipimo vitatu tu vya unyevu, omba ya sita kabla ya kuomba kifaa kizuri zaidi.

Ripoti yoyote utakayoandika, weka namba zote nane ndani yake. Zinachukua mstari mmoja, na atakayesoma ataweza kuiona 46 kwa macho yake.